Kilichozidi ni Maji

Siku tuliyotengeneza fuwele za kopa salfeti, nikiwa kidato cha nne, mvua ilinyesha asubuhi yote na maabara ikajaa unyevu. Mwenzangu wa meza hakuwa na subira, nami sikumzidi. Tulizichuja zile fuwele za buluu, tukazibonyeza kidogo kwa karatasi, tukaziweka kwenye mizani zingali mbichi. Uzito wake ukapita hata kile kiwango cha juu ambacho hesabu iliruhusu. Tulipiga vigelegele. Meza ya jirani walikuwa wamemwaga nusu ya kazi yao, tukawacheka.

Mwalimu hakucheka. "Aliyemwaga atapata kidogo, na anajua amekosea wapi," alisema. "Nyinyi mmepata zaidi kuliko ile dawa mliweka. Imetoka wapi? Kilichozidi ni maji." Akatupa sufuri. Nilimchukia hadi likizo.

Nyumbani, upande wa Kasikeu, mvua ilikuwa bado haijaachia. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumelala njaa, kwa hivyo baba alivuna mbio mbio, akayapukuchua mahindi bila kuyaanika, kisha akayashindilia kwenye magunia. Aliniita tuinue moja. Lilitushinda. Baba, shemasi wa kanisa letu, alifurahi mpaka akaimba. "Hii uzito ni baraka," aliniambia.

Niliingiza mkono ndani ya gunia. Mahindi yalikuwa na joto, na mkono ukatoka ukinuka uvundo. Niliogopa.

"Baba, tuyaanike. Huu uzito ni maji. Yataota kuvu, yatatudhuru."

"Wewe ulienda shule ukafundishwa kuogopa chakula?"

Mama alicheka, akachota mahindi ya kutwanga kwa chakula chetu cha muthokoi. Nilinuna, lakini nilikula. Njaa haina kiburi.

Kuku, waliotupiwa mahindi hayo hayo, walitangulia kufa. Baba akasema ni kideri. Kisha sote tukaanza kutapika, na macho ya mama yakageuka manjano, tumbo likamvimba. Sisi wengine tulipona. Mama tulimzika kabla ya likizo kwisha.

Siku iliyofuata mazishi jua lilitoka, kali, bila wingu. Nilimkuta baba ameyamwaga mahindi yote uani, anayatandaza kwa viganja. Nilimwambia, kwa hasira ambayo sikuweza kuizuia, kwamba jua linatoa maji tu, sumu ya kuvu haliitoi.

Aliendelea kuyatandaza taratibu, punje zisilaliane, kama nilivyokuwa nimemwomba.