Kidole Gumba na Mshale wa Geji

Kidole gumba changu cha kulia kina sugu nene kama la kisigino. Naanza nacho kwa sababu ndicho kilichonidanganya, nami nikamdanganya mama watoto wangu, na ilibaki kidogo mguu wake uharibike moja kwa moja kwa sababu ya upepo wa tairi. Upepo tu.

Ujanani niliendesha baiskeli ya abiria Shinyanga mjini. Keria ya nyuma niliifunga mto wa sufi, na wamama wa sokoni walikuwa wananisubiri mimi, wanaacha vijana wenye miguu mizuri kuliko yangu. Walisema, "Ya kwako hairushi." Siri ilikuwa tairi. Nililiacha laini kidogo. Halafu ikifika saa sita, jua la kwetu likishawaka, sisi waendesha baiskeli wote tulikuwa tunainama, tunabonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti, tunatoa upepo kidogo. Tulikuwa tunasema tairi linapumua. Usipofanya hivyo, tyubu inapasuka kama bunduki na abiria anashuka anakutukana. Tena hatukukosea, maana tyubu zile zilikuwa viraka vitupu. Yangu moja nadhani ilikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe. Sugu hili nililipata huko, kwa kupima tairi asubuhi, mchana na jioni, miaka na miaka.

Sasa nimezeeka, nipo Samuye na mama watoto, mbuzi wachache na shamba la viazi. Binti yetu kaolewa, anaishi Nyahanga pale Kahama, anashona nguo. Mume wake anafanya kazi kwenye machimbo madogo upande wa Geita, anarudi kwake kila mwisho wa wiki mbili.

Mwaka juzi mama watoto alijikata na jembe juu ya kifundo cha mguu. Kidonda kidogo, nikakiona si kitu. Kumbe ana sukari mwilini, hatukujua. Kidonda kikakataa kufunga. Tukapelekwa mjini, nesi akasema kila Jumanne aje kuoshwa na kufungwa upya, na asitembee. Akasema, "Mguu ukitembelewa, kidonda hakifungi. Kisipofunga, tutakuja kuzungumza mambo mengine." Hakuyataja hayo mambo mengine. Mama watoto alitazama chini, nami nikatazama kalenda ukutani, na wote tulikuwa tumeelewa.

Binti aliposikia, akauza cherehani yake moja, akaongeza na mumewe, wakatuletea baiskeli ya umeme. Nzito kama ndama. Betri katikati, mota kwenye gurudumu la nyuma, kiti kirefu cha kubeba mtu. Unaichaji nyumbani usiku, asubuhi unakwenda bila kukanyaga sana. Siku ya kwanza nilizunguka nayo kijiji kizima nikisingizia natafuta mbuzi. Mbuzi walikuwa zizini.

Wiki za mwanzo tulikwenda na kurudi vizuri. Halafu betri ikaanza kutuangusha. Jumanne moja ilizima kwenye mlima karibu na nyumbani, mama watoto akashuka, akatembea mpaka mlangoni. Jumanne iliyofuata ilizima mbali zaidi. Ya tatu ilizima kwenye ghala la pamba, ambapo bado hata hujaanza kuhesabu kwamba unakaribia. Nikasukuma lile dude, yeye nyuma anachechemea. Tulipofika, bandeji ilikuwa imelowa na kandambili imeshika rangi. Akakaa kwenye kigoda, akasema taratibu:

"Mzee, mimi siendi tena. Bora nikae na mguu wangu hapa kuliko kuumalizia barabarani."

Nikamwambia betri ni mbovu, tumeuziwa kitu kibovu. Niliamini? Nusu niliamini. Nusu nyingine sikutaka kuiangalia.

Nikampigia binti, nikamlaumu muuzaji ambaye wala simjui. Binti akasema Jumapili watakuja na mumewe, waichukue wairudishe dukani. Na basi la kutoka kwetu mnalijua. Mpaka kituoni ni kutembea, kule mjini napo ni kutembea. Baiskeli ikiondoka, na kliniki imeondoka.

Jumapili wakaja na pikipiki ya mkwe. Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akiingia uani, mama watoto anaingia ndani. Na mimi baba mkwe hawezi kunikosoa, wala kushika kitu changu bila ruhusa. Akiwa na neno zito anampa mke wake, na mke analileta kwangu, hata kama mimi nimekaa hapohapo. Basi mkwe akasalimia kwa mbali, "Shikamoo baba," nikaitika marahaba, akakaa karibu na ua. Akaitazama baiskeli muda mrefu. Halafu akamgeukia mkewe.

"Hii baiskeli ya mzee imebeba nini?"

"Haijabeba kitu. Si unaiona?"

"Mbona tairi la nyuma limekaa kama limebeba magunia?"

Binti akanigeukia. "Baba, anauliza—"

"Nimesikia. Mwambie tairi nimelipima mwenyewe asubuhi. Gumu kama jiwe."

"Mzee anasema amelipima."

"Nashukuru. Muulize kwa heshima, amelipima na nini."

"Na kidole," nikasema. Nikakiinua juu, kidole chenyewe, wakione.

Mkwe akainama, nadhani alikuwa anacheka chini chini. "Mwambie mzee, kidole chake hakina kosa. Ila mimi kule machimboni nakaa na kompresa, nasukuma upepo kwenda chini kwenye duara, lile shimo wanakochimba wenzangu. Ukipungua wanaweza kufa. Hata mwenye duara hapimi na kidole. Tunatazama geji."

Kabla sijapata jibu, sauti ikatoka dirishani. Mama watoto, ambaye hakutakiwa kusema neno.

"Mwambieni mkwe wangu, mzee huwa anatoa upepo kila siku saa sita. Na kliniki pia. Namwona na kiberiti chake, na hata sigara havuti."

Kuku mmoja akapita. Binti akaniangalia vile nilivyokuwa namwangalia yeye akiwa mdogo amevunja chungu.

"Baba, ni kweli?"

"Nalipumzisha," nikasema. "Jua kali."

"Na unalijaza lini?"

Nilikuwa silijazi, maana pampu yangu ya zamani haikuingia kwenye valvu ya dude hili, na kwa fundi nilikuwa nimekwenda mara moja tu tangu tuipate. Kwa hiyo kila siku nilikuwa natoa kidogo, na kilichotoka hakikurudi. Niseme ukweli wote: kidole kiliniambia ni gumu kwa sababu tairi lenyewe ni nene, na sugu langu lingesema gumu hata ningebonyeza mkate.

Mkwe akaomba ruhusa kupitia kwa binti, nikaitoa. Akachukua chini ya kiti cha pikipiki yake pampu ya kukanyaga kwa mguu, ina geji ndogo ya duara na mshale. Valvu ya pikipiki na ya baiskeli hii ni moja. Akaichomeka. Mshale ulitikisika kidogo ukakaa chini, kama mtu aliyeitwa akakataa kuamka. Halafu akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa, pakatokea maandishi. Niliyaona siku zote. Nilidhani ni jina la kiwanda.

"Hapo wameandika upepo wake," akamwambia mkewe. "Mwisho wa chini na mwisho wa juu. Mzee akipakia mama, asogee karibu na ule wa juu, asiupite. Jua halitalipasua, limetengenezwa kwa jua. Likiwa laini ndiyo linakunjika, linachemka, linakula chaji yote, na tyubu inakatwa na rimu. Apime asubuhi kabla halijapata joto. Akimaliza arudishe kifuniko, vumbi lisiingie."

Binti akanirudishia neno kwa neno, na mimi nikatikisa kichwa kila kipande, ingawa nilikuwa nimekaa umbali wa kumpasia mkwe chumvi.

Hawakuichukua baiskeli. Wakaacha na pampu.

Walipoondoka niliingia ndani. Kuomba radhi kwa mke si jambo nililofundishwa, baba yangu sikumsikia akifanya. Nikasema tu, "Hatua ulizotembea zile Jumanne zilitokana na kidole changu." Akamenya kiazi. Kisha akasema:

"Jumanne moja. Ikizima njiani, ndiyo ya mwisho."

Jumanne ile niliamka mapema nikakanyaga pampu mpaka mshale ukafika nilipoonyeshwa, nyuma na mbele. Tukaenda. Kliniki, saa sita ilipofika, baiskeli iko juani, mkono wangu ukaanza wenyewe kuelekea mfukoni. Mama watoto alikuwa kwenye benchi, mguu umenyooshwa, hata hakugeuka.

"Mzee. Mikono."

Nikampa kiberiti akakitia kwenye mkoba wake. Hajanirudishia mpaka leo.

Tukaanza kurudi. Tukafika ghala la pamba, tukalipita. Nikasikia nyuma yangu, "Umepita ghala." Nikasema nimeliona. Tukaja mlima, mota ikaguna ikapanda. Kwenye kioo cha chaji vilibaki vistari viwili. Alishuka mlangoni, hatua tatu mpaka kigodani, na bandeji ilikuwa nyeupe.

Ilichukua miezi mingine, na dawa, na nesi yule ambaye namshukuru kila ninapopita pale. Lakini kidonda kilifunga. Kimeacha kovu linalong'aa kama ndani ya kombe la chaza.

Siku hizi asubuhi mimi nashika mpira wa pampu, yeye anakanyaga, na mguu anaokanyagia ni uleule. Anasema unataka mazoezi. Mimi nasoma mshale. Kidole gumba nakitumia kumenyea karanga.

Juzi binti alipiga simu kutusalimia. Nikashukuru kwa kilugha chetu, "Mwambie mumeo wabeja. Wabeja sana, kwa mguu wa mama yako."

"Baba, yuko hapa, anakusikia."

"Najua. Wewe mwambie."

Akamwambia.