Safari ya Vidole Vyangu Kwenda Bungeni

Nilitoka kwangu Magongo, Mombasa, kwa sababu ya jicho. La kulia lilikuwa limeingia ukungu, na daktari yuko tayari kunipasua, ila kwanza mashine ya zahanati initambue kwa kidole. Ikakataa. Nimebangua korosho tangu ujana, na mafuta yake makali yamenila ngozi mpaka vidole vimekuwa laini kama kijiko. Jirani yangu Mwanasiti akanicheka: "Mjukuu mheshimiwa mbunge, nawe mashine haikujui?"

Ilinichoma. Riziki nimemlea mimi, na leo yumo kwenye kamati ya Bunge inayosimamia mambo ya sayansi na mitambo ya serikali. Nikasema naenda kumwambia aiamrishe hiyo mashine.

Asubuhi, stesheni ya Miritini. Mbwa wa askari akanusa mfuko wangu wa mahamri, akanitazama, akapita. Treni ikaenda mbio hata sikuwahi kuiaga Mazeras.

Alasiri, Nairobi. Riziki akanipokea kwa utani wetu, maana marehemu babu yake alikuwa akimwita mke mdogo.

"Mke mwenza, umekuja kuninyang'anya nyumba?"

"Nyumba gani, baridi kama jokofu!"

Nilipomweleza akaacha kucheka. "Kesho wakubwa wa mashine hizo waja mbele ya kamati. Njoo ukae nyuma usikilize."

"Utawaamrisha?"

"Sisi hatuamrishi, nyanya. Twauliza."

Nikashangaa. Kura zote zile, za kumpeleka mtu kuuliza?

Kesho yake saa nne, chumba cha kamati. Mtaalamu mmoja akasema maneno mengi, sikushika hata moja. Akaweka kidole chake kwenye mashine, ikawaka kijani. Watu wakatabasamu. Mimi namngoja Riziki. Akawasha kipaza sauti.

"Mwenyekiti, naomba iandikwe. Yule mama aliyekaa nyuma ni nyanya yangu, na mashine hii imemkataa. Kwa hivyo leo mimi sitauliza lolote."

Akazima.

Wallahi nilidhani masikio nayo yameingia ukungu. Nimetoka Mombasa, na mtoto niliyembeba mgongoni ananyamaza?

Ndipo mbunge mmoja wa bara, mnene, simjui hanijui, akauliza: "Mliijaribu kwa mikono ya nani?"

"Ya wafanyakazi wa ofisi yetu."

"Yuko mkulima hapo? Yuko mfua nguo?"

Mtaalamu akapekua karatasi zake.

Mwenyekiti akaniita. Nikaweka kidole: nyekundu. Nikaweka vyote kumi: nyekundu. Mashine ilinikataa mbele ya wakubwa, nami, kwa mara ya kwanza, nikamwomba Mungu isibadili nia. Mwenyekiti akawataka wakubwa wa mashine warudi na majibu. Mtaalamu akaahidi kwamba mpaka mashine zitengenezwe, zahanati zitaandika watu daftarini kwa kitambulisho.

Jioni nyumbani kwa Riziki sikugusa chakula. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Ningeuliza mimi, wangesema ni jicho la nyanyake. Wangekushughulikia wewe peke yako, mambo yakaisha."

"Si ndiyo niliyoyataka!"

"Najua, mke mwenza." Akanisogezea sahani.

Siku ya tatu, njia ya kurudi. Nilitoa maneno yake nikayageuza, nikayarudisha, nikayatoa tena. Mpaka Voi sikuyaona kichwa wala miguu.

Zahanati, wiki iliyofuata. Muuguzi alikuwa na daftari jipya mezani. "Shikamoo, nyanya. Kaa, wewe wa pili."

Wa kwanza alikuwa Mwanasiti. Zamani tulibangua korosho kiwanda kimoja, benchi moja. Alipotoa kitambulisho nikaviona vidole vyake kwa jicho langu zima. Laini, kama vyangu.

"Nawe pia ilikukataa?"

"Tangu mwaka jana," akasema, haniangalii. "Nami ningemwambia nani?"

Sikumcheka. Jibu la Riziki liliniingia hapo, nusu yake. Nusu nyingine, ya mtoto niliyemlea kunyamaza, bado sijaielewa.