Pedali ya Tatu

Emanueli alizikuta giaboksi mbili zimelazwa juu ya magunia kwenye gereji ya Watson, Tunduma. Zote za otomatiki, zote zimetolewa kwenye magari mengine. Ya saluni yake nyeusi, gari kongwe la bampa za chuma ambalo nyumbani kwake Hasamba kila mtu hulijua kwa mlio, ilikuwa imechoka: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari halisogei.

“Chagua, mudala,” alisema Watson, fundi wa kutoka Nakonde, ng’ambo ya mpaka, ambako mzee huitwa mudala. “Hii ya zamani inaongozwa na kebo. Hii mpya inataka kompyuta. Mpya tamu, haikustui kabisa ikibadili gia.”

“Kompyuta ikigoma?”

“Unaniita.”

“Na wewe ukigoma?”

Watson akacheka. Emanueli akaigonga ile ya kebo kwa gongo lake. Hakutaka mashine ya kumpigisha magoti mbele ya mtu. Alishapiga ya kutosha tangu tela la lori alilokuwa akiendesha, lililojaa shaba, lilipomlalia mteremkoni, mguu wa kushoto ukabaki kama gogo. Tajiri mwenye lori alimpa magongo, akamsahau. Ndani ya saluni hii yenye pedali mbili, zote za mguu wa kulia, ndimo alimobaki dereva. Alikwenda kanisani, mnadani, kwa wakwe zake Ileje, bila kumwomba mtu.

Ijumaa alirudi na mkewe, Ketrina. Akamkuta mdogo wake, Osea, anayeshughulikia mizigo ya forodha pale mpakani, ameegemea gari anachekelea kama bwana harusi.

“Ingia, kaka. Ingia ujionee!”

Aliingia, akatazama chini. Pedali zilikuwa tatu.

“Nini hii?”

“Klachi! Nimemwambia Watson aachane na otomatiki. Gari la kiume kama hili liendeshwe kama la kina mama? Na dereva nimeshakupatia. Wewe sasa pumzika, kaka.”

“Wanaopumzika wako makaburini, Osea. Mimi mmenizika lini?”

“Shemeji, hebu mwambie.”

Ketrina alikuwa akikunja ncha ya kitenge chake. “Tulikaa kikao, baba Rozi. Tuliogopa utaumia tena.”

“Kikao cha nani?”

“Cha familia.”

“Na mimi ni familia ya nani?”

Emanueli akamgeukia Watson. “Ile ya kebo iko wapi?”

“Imeuzwa, imevuka mpaka jana, mudala. Na ile ya kompyuta pia. Waliniambia mmekubaliana.”

Emanueli akawasha gari. Akaubeba mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaulaza juu ya klachi, akakandamiza goti, akaingiza gia. Mguu ukateleza. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Mafundi wakapiga miluzi.

“Leseni ya kuazima hiyo!” mmoja akapayuka.

Hakushuka. Alijivuta hadi kiti cha abiria, akiuburuta mguu juu ya fimbo ya gia, na Ketrina akaangalia pembeni. Osea akaingia upande wa usukani, Ketrina akapanda nyuma, wakaondoka.

Walipofika Mpemba, njiani kurudi Hasamba, Osea alikuwa amechangamka. “Unasikia linavyovuta, kaka?”

“Simamisha.”

“Hapa? Kwenye foleni ya malori? Nyumbani bado mbali.”

“Nimesema simamisha gari langu.”

Osea akamtazama Ketrina kwenye kioo, akatabasamu kidogo, kama watu wanavyotabasamu juu ya kichwa cha mtoto. Akakanyaga klachi, akaongeza gia.