Ujumbe wa Bibi Kuhusu Mashine ya Boti

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kiume alinipigia simu akiwa mjini. Anataka kununua mashine ya boti akavue perege kwenye bwawa la Mtera, na eti hawezi kuichagua bila dada yake. Nilicheka. Mimi nauza nguo za watoto hapa Kihesa, na kwa upande wa mashine ninachojua ni kuwasha blenda. Nikaenda hata hivyo, maana tangu mama yetu afariki huyu kijana hanunui hata viatu bila kuniita.

Nyuma ya duka kulikuwa na pipa la maji. Muuzaji aliipachika mashine moja kubwa kwenye ukingo wa pipa, mguu wake wenye panga ukizama majini, akavuta kamba mara mbili, maji yakachemka kwa vurugu na kuturukia miguuni. Moshi wa petroli iliyochanganywa na oili ukanipanda puani. Nikatafuta ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Mdogo wangu akauliza kama naumwa, nikamwambia ni jua tu. Lakini wewe nitakuambia ukweli, kwa kuwa jambo hili sijawahi kumwambia mtu na nimelibeba tangu nina miaka kumi.

Baba yangu ni mtu wa Igowole, kwenye baridi na mahindi. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na sifa yake ilikuwa sikio. Alisimama nje ya kinu, akainamisha kichwa, akasema mkanda umelegea, na kweli ulikuwa umelegea. Alipomwoa mama alimfuata hadi kwao Mtera, kwenye joto, kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa mjane na hakuwa na mtoto mwingine. Akajifunza kuvua akiwa mtu mzima. Alipiga kasia kama anayekoroga pombe, na watoto wenzangu walimcheka hadi nikawa naona aibu kupita pwani.

Mimi nilikuwa na furaha kule kuliko nilivyowahi kuwa tena. Asubuhi nilichota maji, nikageuza samaki kwenye vichanja, nikafukuza kunguru. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, na kipande cha kambale aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mweusi kama kiatu. Harufu ya moshi ule ilikaa kwenye nywele, na mwalimu alituambia tuliotoka ziwani kwamba anatujua hata akifumba macho. Tuliliita ziwa, ingawa lilikuwa bwawa. Bibi peke yake aliliita shamba. Kabla maji hayajaja alikuwa amelima huko chini, na miti yake ilikuwa bado imesimama ndani, mingine imetokeza matawi makavu, mingine imejificha chini kidogo tu ya maji.

Sasa, bibi na baba walikuwa wakwe, na kwetu mkwe haongeleshwi hivi hivi. Baba alipomwona bibi anakuja alitoka njiani akasimama kwenye majani hadi apite. Bibi naye alivuta kanga usoni. Hawakula pamoja, hawakuangaliana, na kama mmoja ana neno, alinituma mimi. Siku nzima nilikuwa nakimbia kati ya nyumba mbili zilizotenganishwa na kichanja cha samaki. "Mwambie baba yako paa linavuja." Nakimbia. Baba anajibu sikuzote kwa maneno mawili, "Mwambie nimesikia." Narudi. Wakati mwingine kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake waziwazi, lakini walinisubiri nifike, niheme, niseme. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka ule baba aliamua kununua mashine. Kwa kasia hakuwa anafika kwenye samaki, na tulijua wote kwamba mambo yasipokaa sawa atarudi Igowole kwenye vinu, na sisi tutamfuata, na bibi atabaki peke yake. Hilo halikusemwa, ila mama alikuwa analia jikoni na kusingizia kuni mbichi.

Asubuhi ya safari ya Iringa, bibi aliniita pembeni. Baba alikuwa ameahidi kuninunulia viatu vya shule, kwa hiyo nilikuwa nakwenda naye. Bibi alinishika mabega akasema taratibu, kama anavyosema ujumbe wa maana. "Mwambie baba yako achukue ile yenye mguu mfupi, nyepesi, ambayo mtu mmoja anaibeba begani na kuiinua haraka. Huko chini kuna miti yangu, na miti ile haina adabu ya mkwe." Alinirudisha niseme tena, nikasema yote. Alikuwa ameanika samaki pwani miaka mingi, akiangalia boti zipi zinarudi na zipi hazirudi. Jirani yetu alikuwa na mashine ndogo ya namna hiyo, yenye rangi iliyobabuka, na ilipogusa kisiki aliinyanyua, akabadilisha pini iliyokatika, akaendelea na safari.

Dukani kulikuwa na mbili. Moja ndogo, ya kijivu, ikilia kama cherehani. Nyingine nyekundu, kubwa, yenye mguu mrefu, na ilipowashwa pipani ardhi ilitetemeka. Baba aliinamisha kichwa akaisikiliza. Nikaona uso wake unafunguka, maana ililia kama kinu kizuri cha kwao. Halafu akanigeukia. "Bibi yako amesema lolote?"

Mimi nilikuwa nimeshaiona ile nyekundu ikiingia pwani, na wale waliomcheka baba yangu wakikimbia kuipokea. Nikasema, "Amesema uchague unayoona inafaa."

Baba alifurahi kiasi kwamba niliogopa. Aliona mkwe wake amemwamini. Akasema, "Mwambie nimesikia," akachukua nyekundu.

Kwa majuma machache nilikuwa binti wa mtu mwenye mashine kubwa kuliko zote. Watoto walikimbia kweli. Bibi alitoka akaitazama ikibebwa na watu wawili, akanitazama mimi, akarudi kwenye samaki wake. Hakuniuliza chochote, na mimi sikusema.

Kisha ikaja siku ya upepo. Baba alikwenda peke yake kukagua nyavu asubuhi, na adhuhuri hakuwa amerudi. Wavuvi walisema wamesikia mashine ikinguruma upande wa miti mikavu, halafu ikazimika ghafla. Upande ule hakuna aliyetaka kuingia, mawimbi yakiwa yamefunika visiki. Walikuwa wanabishana pwani wakati bibi alipofika, kanga imefungwa kiunoni, akapanda boti ya jirani akakaa mbele. "Kuna barabara ya mkokoteni," alisema. "Nilipita nayo miaka yote kwenda shamba. Barabarani hakuna mti." Kisha akaniita mimi nami nipande. Mama alipiga kelele, bibi akamjibu kwamba bila huyu mtoto ataongeaje na mkwe wake.

Sitasahau safari ile. Bibi alinyoosha mkono, kushoto kidogo, sasa nyooka, hapa palikuwa na mkwaju, pita mbali nao. Jirani aliendesha polepole, mara mbili akainua mashine yake, mara mbili akaishusha. Tulipita juu ya barabara ambayo bibi peke yake aliwahi kuiona, na hatukugonga kitu.

Baba alikuwa amekumbatia tawi kavu, boti yake imepinduka, mguu wa ile nyekundu umevunjika kabisa. Jirani alipomvuta ndani kwa nyuma, bibi alikuwa ameshageuka mbele na kujifunika kanga. Nilikaa katikati.

"Muulize kama ameumia."

"Mwambie sijaumia."

"Mwambie ashike vizuri, upepo haujaisha."

"Mwambie nimesikia."

Boti ile haikuzidi hatua sita. Nilikuwa nageuka huku, nageuka kule, nikirudia maneno ambayo wote wameyasikia, machozi yakinitoka, na wao wakadhani ni hofu.

Mashine haikutengenezeka. Kabla ya mvua baba alikuwa amerudi Igowole kusaga, na sisi tukamfuata. Mdogo wangu alizaliwa kule, kwenye baridi. Bibi alikataa kuhama. Alisema hawezi kuacha shamba. Tulimwona mara chache, kisha tukaenda kumzika.

Ndiyo maana nilikaa kwenye ile ndoo. Mdogo wangu alikuwa anasubiri, na muuzaji alikuwa anaisifia ile kubwa. Nikamwambia mdogo wangu achukue yenye mguu mfupi, anayoweza kuibeba begani peke yake. Akauliza nimejulia wapi. Nikasema, kwa bibi yako.

Baba ninaishi naye hapa Kihesa. Amezeeka, lile sikio lake limekufa, lazima usogee karibu. Alasiri ile nilimkuta uani anapasha miguu juani. Siku hizi wakwe wanatumiana picha kwenye simu na kutaniana, na watoto hawatumwi tena nyumba kwa nyumba. Vichanja vyetu vilishaoza, na nasikia maji yakipungua sana barabara ya mkokoteni inaonekana. Nilichuchumaa karibu na sikio lake nikamwambia yote. Kwamba siku ile bibi alinituma. Kwamba nilidanganya.

Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Akauliza tu, "Alisema kwa maneno gani?"

Nikayasema, neno kwa neno, mguu mfupi, begani, miti isiyo na adabu ya mkwe. Akacheka kidogo nilipofika kwenye neno la miti. Akataka nirudie, nikarudia. Akafuta macho kwa kiganja, akaitazama njia ya kutokea uani.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikainuka. Mazoea ni kitu cha ajabu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwambia.