Mtu wa Ziwa

Wasifu wa marehemu, kwetu, una mpangilio wake, na hakuna anayeuliza uliwekwa na nani. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, alijaliwa watoto wangapi, alifanya kazi gani, aliokoka lini, aliugua nini. Baba alipofariki, kazi ya kuuandika iliniangukia mimi kwa sababu ni mwalimu, na ndugu zangu wanaamini mwalimu haogopi kalamu. Hawajui kwamba mimi naogopa kila kitu. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kuangalia kama nimefunga gesi.

Safari hii nilikuwa na sababu. Wiki tatu kabla hajafa, Baba aliniita chumbani kwake, katika nyumba ya mtaa wa Mountain View aliyoijenga polepole baada ya miaka mingi ya kupanga chumba Kangemi, akaniambia nifunge mlango.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la mama yake, "mimi sijui kuogelea."

Nikacheka. Nilidhani ni zile dawa zinaongea. Kwa zaidi ya miaka thelathini Baba alikuwa seremala siku tano za wiki, akitengeneza vitanda na makabati kando ya barabara pale Kangemi, na kila Jumamosi alikuwa baharia. Ndiyo, baharia, hapa hapa Nairobi. Lile bwawa la upande wa Lang'ata, ambalo leo ukilitazama unaona majani matupu hadi unadhani ni shamba la mtu, wakati ule lilikuwa na maji, na kulikuwa na klabu ya watu wenye mashua ndogo za tanga. Baba alikwenda kuwabadilishia mbao zilizooza. Wakamfundisha kuziendesha, na baadaye yeye ndiye akawa anawafundisha wageni. Tulijigamba shuleni kwamba baba yetu ni nahodha, tukaitwa waongo, tukapigana.

"Walikuwa wanataka fundi wa kufanya kazi ndani ya maji," akaendelea. "Mkubwa wao akaniuliza natoka wapi. Nikasema Western. Akasema, 'Aah, kwa ziwa! Basi maji unaijua.' Nikasema ndiyo."

Kwetu ni vilimani, Maragoli. Mto ulio karibu na boma letu unavukwa kwa kukanyaga mawe, na mbuzi huuvuka bila kulowa tumbo. Lakini kwa mtu wa Nairobi, chochote kilicho ng'ambo ya Nakuru ni ziwa, na kila anayetoka huko amezaliwa na samaki mkononi.

"Neno moja tu," Baba akasema. "Na nilikuwa na watoto wawili kwa nyumba. Halafu nikakosa mahali pa kulirudisha."

Kisha akanieleza kuhusu rafiki yake. Huyo ninamfahamu tangu utotoni: karani wa ofisi moja mjini, mtu mpole wa tai na kofia, anayeishi nyuma ya Adams Arcade hadi leo. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kujiunga na klabu ile, na hakutaka kupanda mashua na mtu mwingine ila Baba. Siku moja upepo mkali ulishuka kutoka upande wa Ngong, mashua yao ikapinduka katikati ya bwawa, na vile vizibao vya kuelea walikuwa wameviacha ufukoni kwa sababu ya joto. Baba alikumbatia ule mgongo wa mashua kwa mikono miwili na kumpigia mwenzake kelele, "Usiachilie! Sheria ni kukaa na mashua!" Wakakaa hapo hadi wakaja kutolewa. Jioni ile rafiki yake alisimama klabuni akawasimulia wote jinsi mtu wa ziwa, ambaye angeogelea mpaka ufukoni bila shida, alivyokataa kumwacha. Baba akapewa kazi ya kuwafundisha wanaoanza.

"Nilipewa cheo kwa sababu ya woga," akasema. Na huyu Baba ndiye mzee wa kanisa aliyetusimamisha mbele ya meza saa nzima kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari. "Siku yangu ikifika, uwaambie. Hasa yeye. Nimejaribu mara nyingi nikashindwa." Nikamwahidi, kwa sababu nani anamkatalia mgonjwa?

Mama hakushangaa nilipomweleza baada ya Baba kufariki. Bila shaka alijua, wametoka kilima kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa Jumamosi zetu za utotoni. Siku nyingine zote chakula kilikuwa tayari saa moja. Jumamosi, Mama hakubandika maji ya ugali mpaka aione baiskeli ya Baba langoni. Tulilia njaa, akatukaripia, akasema makaa yana unyevu. Makaa gani yanayopata unyevu Jumamosi tu? Alikuwa anasimama dirishani na mwiko mkononi, na sisi tulidhani ana hasira.

"Hutasoma hiyo kitu kanisani," akaniambia. "Usimvue baba yako nguo mbele ya watu."

"Mama, nilimwahidi."

"Uliyemwahidi ameenda. Mimi ndiye nitabaki hapa nikiangaliwa."

Niliandika wasifu mara mbili, mmoja wenye aya ile na mwingine usio nayo, nikaenda nao mjini, kwenye duka la kuchapisha karibu na River Road. Msichana wa pale aliuliza nampa upi. Nikamwambia angoje. Akangoja. Akauliza tena, "Madam, uko sure? Nikishaprint hakuna kurudi." Nikampa usio na aya. Karatasi ile nyingine nikaikunja mara nne nikaitia kwenye mkoba, na kwa siku mbili nikawa napapasa mkoba kila baada ya dakika kumi, nisijue naogopa kwamba imepotea au kwamba bado ipo.

Ibada ilifanywa Alhamisi, kabla ya kumsafirisha nyumbani. Kanisa lilijaa: mafundi wa Kangemi, akina mama wa ushirika, wapangaji wenzetu wa zamani. Rafiki wa Baba alikuja akishikwa mkono na binti yake, akaketi safu ya pili, kofia magotini. Akavaa miwani, akafungua kijitabu cha ibada kwenye wasifu, akaanza kusoma huku akifuatisha mistari kwa kidole. Kidole kikasimama pale pale mwanzoni. Alizaliwa katika vilima vya Maragoli. Mzee akainua uso akaniangalia.

Nilipoitwa nilisoma vizuri, sauti ya darasani. Kuzaliwa, shule, ndoa, watoto sita, useremala, mashua. Nikafika mahali ambapo kaka yangu, aliyepita dukani kabla hawajachapisha, alikuwa ameongeza sentensi yake bila kuniambia: "Baba alikuwa mtu mkweli maisha yake yote." Niliyatazama maneno hayo, nikamtazama Mama. Alikuwa ameukazia macho mkoba wangu. Nilijua nikiyasoma nitakuwa nimemtia Baba kaburini na lile neno lake moja, na sitapata tena mahali pa kulitoa. Nikafungua mkoba. Mama akafumba macho.

Niliisoma ile aya haraka, karatasi ikikwaruza maikrofoni. Ziwa, mto wa mawe, neno ndiyo, mashua iliyopinduka. Niliposema, "Baba anaomba msamaha," mtu mmoja nyuma alicheka. Nikatamani sakafu ipasuke.

Fimbo ikainuliwa safu ya pili. Mchungaji akaangalia saa yake, kisha akampelekea mzee maikrofoni.

"Mimi nimezaliwa Dagoretti," akasema polepole. "Sijawahi kuogelea hata kwa karai. Nilijiunga na ile klabu nionekane mtu. Siku ile kwa dam, nikaambia roho yangu, tulia, uko na mtu wa ziwa." Akaligeukia jeneza. "Kumbe tulikuwa tumeshikilia hiyo mashua watu wawili, kila mmoja anangoja kuokolewa na mwenzake!"

Kanisa lote likaangua kicheko, hata mchungaji. Mzee hakucheka. "Jumamosi iliyofuata nilirudi," akasema. "Na ile ingine. Nisingerudi kama si yeye." Akairudisha maikrofoni, binti yake akamketisha.

Nilirudi kwenye kiti changu nikingoja karipio. Mama alikuwa analia huku akitikisa kichwa.

"Miaka yote hiyo," akaninong'oneza, "nilikuwa nawaombea hao wawili, lakini huyu nilimwombea zaidi. Nilisema, mradi huyo karani yuko, na yeye anajua kuogelea, baba yenu atarudi."

Nilipaswa kufarijika. Badala yake nikashikwa na hofu iliyochelewa miaka mingi. Niliziona Jumamosi zote zile, tanga jeupe katikati ya bwawa, wanaume wawili wasiojua maji, na Mama dirishani akimtegemea mmoja amrudishe mwingine, na hapakuwa na mtu wa kumwokoa yeyote. Nikalia kwa kwikwi kama mtoto, mimi niliyekuwa nimepanga kulia kistaarabu.

Watu walipopanga foleni kuaga mwili, mzee alikuja mbele kwa fimbo yake akamsalimia Mama. Mama akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Jeneza likafungwa, likainuliwa, likatolewa nje hadi kwenye gari, na muda huo wote Mama hakumwachilia.