Benoni, Jina Alilonipa Nyanya

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole. Juzi sokoni Nakasero, gunia la viazi likiwa mgongoni, nilisikia mama mmoja akiita, "Benoni! We Benoni!" Nikageuka. Kumbe anamwita mtoto wake.

Mimi nililelewa Luzira na nyanya yangu mzaa mama, aliyetoka Kenya kuja kufanya biashara. Tuliamshwa na vishindo vya mabehewa yakiingizwa kwenye feri pale bandarini Port Bell. Yeye alikaanga mandazi ya iliki, mimi nikichota maji.

Siku moja mwalimu wa kanisani alitueleza kwamba Benoni ni neno la Kiebrania, maana yake mwana wa huzuni yangu. Raheli alimwita mwanawe hivyo akiwa anakata roho baada ya kumzaa. Baba wa mtoto akalibadilisha, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

"Kumbe wewe ni matanga yenye miguu!" mwenzangu mmoja akasema, wote wakacheka. Mama yangu alifia hospitali ya Mulago siku aliyonizaa. Nikaona basi nyanya ananihesabia kifo cha mama.

Nikaacha kuitika. Jirani yetu Mnubi, aliyesuka vikapu mlangoni, akanitania, "Wewe, masikio umeyaziba kwa unga?"

Mwishowe nikamwambia nyanya, "Jajja, niite Benyamini."

Akaepua karai. "Nilitoka Mulago na vitu viwili, huzuni na wewe. Huzuni ilikuwa yangu, hukunipa wewe. Wewe ulilia njaa, nikaamka nikawasha moto. Bila wewe ningelala palepale. Nikikuita, namkumbuka na mama yako. Lakini kama linakuumiza, nitaliacha."

Jioni akaita, "Benyamini, njoo ule." Alilitamka kwa uangalifu, kama mtu aliyeazima sufuria ya watu.

"Mna mgeni?" jirani akauliza.

Nilikaa nje, chakula kikipoa. Kisha nikasema, "Jajja, niite lile la kwanza."

"Benoni!" Aliita kwa nguvu, nadhani hata wapakiaji wa feri walisikia. Nikaitika kwa nguvu vilevile.

Sasa nyanya hayupo. Jirani alihamia Bombo, na pale kwetu wamejenga ghala. Mjini wananiita Beni tu, na mimi naona haya kuwasahihisha. Wewe unayesoma, kama jina lako nalo lilitoka kwenye machozi, tafadhali niandikie. Niambie ni nani alikupa, na kama bado yupo wa kukuita hivyo.