Nilimzika Mama Nikiwa Gesti, Ng'ambo ya Mpaka

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Hapa Tunduma watu wanafahamiana, na kwetu Itumba ndiyo usiseme. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina mtoto mmoja anayesoma bweni. Nauza mchele, na wateja wangu wengi wako upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia. Kwetu tumezaliwa watatu: kaka, dada, na mimi wa mwisho.

Ili mnielewe inabidi nianzie kwenye msiba wa baba, miaka minne iliyopita. Kwa kuwa mimi ndiye mfanyabiashara wa familia, kaka alinikabidhi funguo za stoo. Siku tatu sikukaa chini. Chumvi imeisha, kamuulizeni yeye. Sahani za wachungaji ziko wapi, kamuulizeni yeye. Dada alikaa ndani na mama, wakalia mpaka sauti zikakauka. Nilipojaribu kukaa nao mkekani, shangazi akaniambia, "Jikaze mwanangu. Ukilia wewe, hawa watu watakula nini?" Nikajikaza. Baba anashushwa kaburini, mimi niko nyuma ya nyumba natafuta vikombe. Nilipofika makaburini nilikuta watu wanaweka mashada. Na bado nikasikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mbona macho makavu? Biashara imemla roho." Sikumlilia baba siku ile, na baadaye kilio kiligoma kuja.

Mwaka huu mama naye akaondoka. Dada alinipigia asubuhi nikiwa Nakonde nimepeleka mzigo. "Mama ametutoka, mdogo wangu. Tunazika kesho mchana." Nilikaa juu ya gunia la mchele. Siku hiyo nilishindwa kusafiri, nikachukua chumba gesti.

Kesho yake mapema nilibeba begi langu nikaenda mpakani. Nilikuwa nimeshapanga foleni kaka alipopiga. Hata pole hakunipa. Akasema, "Ukifika Tunduma pitia sokoni utuchukulie mafuta na vitunguu. Na uwahi, funguo za stoo zinakusubiri wewe."

Jamani, nikaona msiba wa baba unajirudia. Nilitoka kwenye foleni nikarudi gesti. Nikamtumia kaka ujumbe kwamba niko mbali, Kasama, huko ndani Zambia, gari limeharibika na mtandao unasumbua. Halafu nikanunua bando.

Binti wa mama mdogo alikuwa anarusha mazishi laivu kwa ajili ya ndugu zetu wa Zambia. Nilijifungia, nikaweka simu juu ya mto, nikapiga magoti. Binti alisogeza simu yake mpaka karibu na jeneza. Nilimwona mama yangu. Nikaona kovu dogo juu ya nyusi na kitambaa chake cha kwaya walichomfunga. Hakuna aliyenivuta mkono, hakuna aliyeniuliza sukari. Nilisikia mahubiri yote, neno kwa neno. Nililia kwa sauti mpaka mwenye gesti akagonga mlango, akiniita mama kwa Kibemba, "Bamayo, kuna nini?" Nikamwambia namzika mama. Akaingia, akakaa sakafuni pembeni yangu, mgeni kabisa kwangu, akanishika bega.

Wakati wa kutupia udongo, mwongoza ratiba aliita watoto wa marehemu. Kaka akatupia. Dada akatupia. Likaitwa jina langu. Likaitwa tena. Nikamwona dada anainama mara ya pili, anachota udongo kwa niaba yangu, anaanguka, wanawake wanamdaka. Na mimi niko pale, natazama.

Lakini niwaambie ukweli ambao sijamwambia mtu: ule ndio msiba pekee niliouhudhuria. Wa baba nilikuwepo na sikuuona. Wa mama sikuwepo na niliuona wote. Nililala nikiwa mwepesi. Sikujuta, na ndiyo maana naogopa, nisije nikawa mtu mbaya.

Wiki mbili baadaye yule binti aliyerusha mazishi alikuja dukani kwangu Tunduma. Akaniambia kwa upole, "Dada, jina lako lilikuwepo kati ya watazamaji mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani wanajua, nikamwambia dada mkubwa kwamba angalau ulitazama." Mtandao wa Kasama unasumbua, halafu nimetazama mazishi kwa saa tatu nzima bila kukatika!

Kaka alipiga kesho yake akitukana. Anasema ameshaulizia, kuna mtu aliniona kwenye foleni mpakani. Ameita kikao cha ukoo Jumapili hii baada ya ibada, nisimame mbele ya wazee nieleze kilichonishinda kumzika mama yangu. Huyo namwogopa, ila naweza kumvumilia.

Aliyenimaliza ni dada. Kwa siku nane hakupokea simu zangu. Juzi akapokea, nikaanza kujieleza, funguo, stoo, vitunguu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kutokuja kwako nimekusamehe. Lakini uliniona naanguka, mdogo wangu. Uliniona, na hata kunipigia hukunipigia." Akakata.

Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma. Nikienda Jumapili nikisema kweli, nani Itumba atanielewa kwamba nilimlilia mama vizuri kuliko wote waliokuwepo? Nikidanganya tena, dada atajua. Nisipokwenda, nimejitoa kwenye ukoo. Wazazi sina tena, nimebaki na hawa wawili tu. Kikao niachieni, nitajua huko huko. Mimi naomba mnisaidie neno moja tu la kumwambia dada yangu, maana nimelitafuta tangu juzi sijalipata.